Toa Gauni, Weka Shati

Jumanne, 9 Machi 1999

Sasa hivi Nafuna ametia kifungo kinywani. Nimeingiza kidole nikakitoa, kimelowa mate lakini kizima. Ameniangalia kama mtu aliyedhulumiwa, halafu amechukua kingine kwenye kopo akanipa mimi nile. Ana miaka miwili na miezi mitatu. Tuko chini ya meza ya kukatia, ndipo mahali petu saa ya chakula.

Daftari hili nimelianza kwa sababu Valère ameniambia niandike mara kwa mara, hata mstari mmoja, ili mkono usiogope kalamu. Valère ni mpiga pasi wetu hapa kwenye karakana ya kushona ya dada Kavugho, wote wawili Wakongo. Kabla ya vita vya kwao alikuwa mwalimu wa hesabu huko Butembo. Hapa Kampala hana cheti wala Kiingereza cha kufundishia, ana pasi ya makaa. Nimefanya naye kazi mwaka mzima nikidhani ni mtu wa majivuno, maana hasemi. Wiki iliyopita aliniona nimeshika tangazo la masista, akaliomba, akalisoma lote amesimama hadi kola ya shati ikaungua.

Masista hao wa Bukoto wana shule ya kukata na kushona. Mwaka huu wanachukua wanawake wanane. Mtihani ni Jumamosi tarehe 24 Aprili, kukata asubuhi, hesabu mchana. Mkasi hauna ugomvi na mimi. Hesabu niliishia darasa la nane kwetu Kimilili, Kenya, tena nikiwa wa nyuma.

Kilichonivuta si cheti. Tangazo linasema mwanafunzi mwenye mtoto atapewa chumba ndani ya ua wao, sakafu ya saruji, juu kilimani. Sisi tunakaa hapa Bwaise na nyumba yetu iko chini kuliko barabara. Mvua za mwaka jana Nafuna alilazwa siku tisa kwa kifua. Daktari aliniambia huyu mtoto asilale tena penye unyevu. Nikamwambia ndiyo, daktari. Nikarudi naye pale pale.

Jumatano, 10 Machi

Mvua ya saa moja. Maji hayajafika mlangoni.

Ijumaa, 12 Machi

Somo la kwanza. Valère hana ubao. Alitandaza mezani kitambaa cha sketi, bluu nzito, akachukua chaki ya fundi ile bapa akaandika juu yake. Akimaliza anapitisha brashi na kitambaa kinarudi kuwa cha mwenyewe. Kavugho alisimama karibu kuhakikisha chaki ni ile inayotoka.

Swali alilitoa hapo hapo mezani kwetu. Mashati na magauni ya shule, jumla kumi na mawili. Shati linakula vifungo sita, gauni vitatu. Ndivyo tunavyohesabu hapa: shati vitano vya mbele na kimoja cha akiba, gauni viwili na kimoja cha akiba. Kile cha akiba Kavugho hukishona ndani ya pindo la kila nguo, maana watoto wa shule wanapigana. Vifungo vyote vilivyotoka kwenye kopo ni hamsini na saba. Mashati mangapi, magauni mangapi?

Nilijibu kabla hajaweka chaki chini. Saba na matano.

"Umejuaje?"

Nikamwonyesha. Chukulia yote ni magauni. Kumi na mawili mara vitatu, vifungo thelathini na sita. Vimebaki ishirini na kimoja. Toa gauni, weka shati, vitatu vinaondoka. Toa jingine, weka shati. Ukifanya hivyo mara saba, kopo ni tupu.

"Nani alikufundisha?"

"Mimi," Kavugho alisema kutoka kwenye cherehani. "Na sikukaa kwa darasa ya mwalimu yoyote."

Valère akasema jibu ni sahihi na masista watanipa sifuri. Mtihani wa mwaka jana waliubandika getini kwao, naye alikwenda kuunakili. Umeandikwa wazi: tumia njia ya kuweka badala, onyesha hatua.

"Lakini jibu ni lile lile," nikasema.

"Leo ni vifungo hamsini na saba. Siku wakikupa elfu tano, utaleta kopo gani?"

Kavugho alicheka mpaka uzi ukakatika.

Jumapili, 14 Machi

Nyongesa amekuja. Mume wangu anafanya kazi Port Bell, anapakia mabehewa ya reli kwenye feri. Wiki nzima analala huko na wenzake, Jumapili anakuja na samaki.

Nilimwonyesha daftari. Akalishika kwa mbali kidogo.

"Nakhisa, nguo inakatwa na mkasi," akasema. "Hii s na hii g zinakata nini?"

"Hazikati. Zinasubiri kujulikana."

"Kama mshahara wangu kwa yule Mhindi bosi wetu." Akamrusha Nafuna juu akamdaka.

Hakusema nisiende. Pia hakusema niende.

Jumatano, 17 Machi

Nilimwambia Valère kwamba s ni shati. Akasema hapana, shati unalivaa, s huwezi kuivaa. s ni idadi ya mashati, ni namba iliyojificha. g ni idadi ya magauni, nayo imejificha. Kisha akaandika milinganyo yake miwili kwenye kitambaa:

s + g = 12
6s + 3g = 57

Uulize wa kwanza g ni nani, alisema. Utakuambia g ni 12 − s. Sasa nenda na jibu hilo kwenye wa pili. Palipo na g, iondoe, mahali pake weka 12 − s. Zilizojificha zilikuwa mbili, sasa imebaki moja, na moja ikiwa peke yake haina pa kujificha.

Nikafanya. 6s + 36 − s = 57. Ikawa 5s = 21. Mashati manne na moja ya tano.

"Hiyo shati ya tano ni ya nani?" Kavugho akauliza. "Ya mutoto mwenye hana mikono?"

Valère hakucheka. Alichora mabano kuzunguka 12 − s, akasema mabano ni mfuko. Ukizidisha mfuko kwa tatu, umezidisha kila kilichomo. Mimi nilizidisha kumi na mbili nikaisahau s ndani. Nikaanza upya.

6s + 3(12 − s) = 57
6s + 36 − 3s = 57
3s = 21
s = 7

Nikaiangalia ile thelathini na sita. Nikaiangalia ishirini na moja, na ile tatu. Nikawaza, hivi ni vifungo vyetu vile vile. Thelathini na sita ni yote kuwa magauni. Ishirini na moja ni vilivyobaki kwenye kopo. Tatu ni toa gauni, weka shati. Kumbe tulikuwa tunafanya jambo hili siku zote ila bila kuliandika. Nilimwambia Valère. Akasema ndiyo, akapitisha brashi.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Nimekata mashati kumi na sita.

Jumatatu, 22 Machi

Leo nilimaliza swali haraka sana nikafurahi. g = 12 − s, nikaiweka kwenye s + g = 12, nikapata s + 12 − s = 12, halafu 12 = 12. Nikamwonyesha Valère na kumwambia jibu ni kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipomwona akicheka, mara ya kwanza mwaka mzima. Ana pengo upande wa kushoto.

"Mama Nafuna, umeenda kwa shahidi mmoja ukamuuliza, g ni nani? Akakuambia. Ukamgeukia yeye yule, ukamwambia, nasikia g ni fulani. Atasema nini? Atasema kweli kabisa. Amekuambia jambo jipya?"

"Hapana."

"Mashahidi ni wawili. Maneno ya wa kwanza unayapeleka kwa wa pili."

Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa upande wa ndani wa jalada. WAWILI.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua ilianza saa saba mchana tukiwa kazini. Kufikia saa nane hatukusikiana kwa kelele za mabati. Nilimfunga Nafuna mgongoni nikaenda kuangalia nyumba. Mfereji ulikuwa umejaa, barabara na mfereji vimekuwa kitu kimoja, unakisia kwa mguu. Ndara za watu zilikuwa zinaelea zikielekea upande mmoja kama zina safari. Karibu na nyumba maji yalinifika magotini.

Ndani, godoro lilikuwa limenyonya maji hadi juu. Sufuria ilikuwa inazunguka polepole katikati ya chumba. Nilitoa nguo za Nafuna, kitambulisho, picha ya harusi na blanketi moja lililokuwa limetundikwa. Daftari lilikuwa ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, nimelifunga kiunoni tangu asubuhi. Nafuna alikuwa anaimba mgongoni. Aliona ndara yake inapita akaipungia mkono.

Nilisimama mlangoni kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba mwaka jana nilisimama hapa hapa.

Niliporudi karakanani, Kavugho alitazama sketi yangu inayodondoka maji.

"Leta mutoto. Mutalala hapa, juu ya meza. Meza haina maji."

Akamvua Nafuna nguo zote, akamfunika kwa vitambaa vya mashati ambavyo havijakatwa, vya oda ya watu, vyeupe. Valère akaweka makaa mapya kwenye pasi akakausha blanketi letu kwa kulipiga pasi, mkunjo kwa mkunjo. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemwambia aache.

Nilikuwa nikiamini Kavugho ananibana kwa sababu ni mchoyo. Ananikataza kutoka mapema, anahesabu dakika zangu za somo. Leo, akiwa anamkanda Nafuna kifua kwa mafuta, alisema bila kunitazama:

"Minakuambia wazi, usije kusema Kavugho alikuwa anajificha. Sitaki ushinde ule mtihani. Oda ya shule ya Kawempe inaingia mwezi wa tano. Nani atakata? Weye tu ndiye unakata bila kuharibu. Lakini huyu mutoto, siwezi kutaka alale kwa maji. Basi usiniulize naomba Mungu nini jioni."

Nikasema sawa, dada.

"Si sawa. Ni hivyo tu."

Jumamosi, 27 Machi

Nafuna anakohoa, kikohozi kikavu, hakuna homa. Nimelala na sikio kifuani kwake.

Jumanne, 30 Machi

Maji yamepungua. Homa hakuna. Tumebaki kwa Kavugho. Mashati ishirini.

Jumapili, 4 Aprili, Pasaka

Nyongesa alikuja moja kwa moja karakanani. Alikuwa amepita nyumbani kwanza, viatu vyake vilionyesha. Ameinua kitanda kwa matofali, amesema tunaweza kurudi wiki hii. Alimsikiliza Nafuna akikohoa.

Baada ya kula akasema, kama mtu anayetania lakini hatanii sana: "Haya, mwanafunzi. Jana tulipakia mabehewa kumi na tisa. Marefu yana ekseli nne, mafupi yana mbili. Karani alihesabu ekseli sitini na nne. Marefu mangapi?"

"Wewe unajua?"

"Mimi niliyapakia."

Nikaandika. m ni idadi ya marefu, f idadi ya mafupi. m + f = 19, kwa hiyo f = 19 − m. Ekseli: 4m + 2f = 64. Nikaitoa f, nikaweka mfuko wake. 4m + 38 − 2m = 64. 2m = 26. Marefu kumi na matatu, mafupi sita. Nikapeleka majibu kwa mashahidi wote wawili. Kumi na tatu na sita, kumi na tisa. Hamsini na mbili na kumi na mbili, sitini na nne.

Nyongesa aliangalia karatasi muda mrefu.

"Na hukuwepo," akasema.

"Sikuwepo."

"Hao masista wanataka mtu aje na vyombo vyake au wanatoa?"

Nikamwambia sijui. Akasema ataulizia sanduku la bati Port Bell.

Alhamisi, 8 Aprili

Tumerudi nyumbani. Ukuta una mstari wa maji usawa wa goti langu. Kwa Nafuna ni usawa wa kifua.

Jumamosi, 17 Aprili

Maswali sita, yote kwa mashati na magauni ya kwetu. Valère hataki tena kuniambia kama ni sahihi. Nikimpa karatasi anaendelea kupiga pasi. "Unao mashahidi wawili. Mimi wa nini?" Siku za mwanzo ningesema ni majivuno. Leo nimeona alikuwa anaisoma karatasi kwa pembeni, kola ikiwa karibu kuungua.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua kubwa asubuhi. Imeishia kwenye kizingiti. Nafuna anakohoa tena.

Jumamosi, 24 Aprili

Naandika jioni, mikono bado ina harufu ya kitambaa kipya.

Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja. Kavugho alikuja na mimi, Nafuna mgongoni kwake, wakakaa nje ya ukumbi kwenye nyasi. Kukata kulikuwa gauni la mtoto wa miaka sita, na kitambaa walichotupa kilikuwa pungufu makusudi. Nilipindua vipande vya mikono vikaingia kwenye pembe za sketi. Kilitosha, kikabaki cha mfuko.

Hesabu ilianza saa nane. Maswali matano, saa moja, kwa Kiingereza kifupi. Kila swali nililisoma mara tatu. Matatu ya kwanza yalikuwa vipimo. La nne ndilo lenyewe: mashati na magauni jumla arobaini, vifungo vyote mia mbili thelathini na tano. Tumia njia ya kuweka badala. Moyo ulitulia, kama umekutana na mtu wa kwenu. Nikaandika bila kusimama.

s + g = 40
8s + 5g = 235
8s + 5(40 − s) = 235
8s + 200 − 5s = 235
3s = 35

Mashati kumi na moja na theluthi mbili.

Nikaangalia mfuko. Nilikuwa nimezidisha vyote vilivyomo. Nikaangalia kama nimerudi kwa shahidi yule yule. Sikurudi. Nikatoa na kujumlisha upya kwa vidole. Hatua zote zilikuwa safi na jibu lilikuwa bovu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na nane. Mama mmoja mbele yangu alikuwa tayari kwenye swali la tano, nililiona juu ya bega lake.

Nje nilisikia Nafuna anakohoa. Kisha nikasikia Kavugho akimwimbia wimbo wa kwao.

Nikajiambia, kama hatua ni safi, basi shahidi alilishwa maneno, na aliyemlisha ni mimi. Nikaweka kidole chini ya kila neno la swali. Shati lina vifungo saba. Gauni lina vinne. Mimi nilikuwa nimeandika nane na vitano. Nilikuwa nimemshonea kila mtoto wa masista kifungo cha akiba bila kuombwa.

Sikufuta. Nilipitisha mstari mmoja, nikaanza chini yake.

7s + 4(40 − s) = 235
7s + 160 − 4s = 235
3s = 75

Mashati ishirini na matano, magauni kumi na matano. Mashahidi wote wawili wakakubali. Nilipoandika namba 5 kuanza swali la mwisho, kengele ililia. Swali la tano langu ni namba na nukta.

Aliyekusanya karatasi ni Sista Alanyo, mrefu, wa kaskazini, anasema Kiswahili cha taratibu. Alisimama juu ya ule mstari wangu.

"Vifungo nane vilitoka wapi?"

"Kwetu tunashona kimoja cha akiba, Sista."

"Kila nguo?"

"Kila nguo."

Akasema "aa", akaiweka karatasi yangu kati ya nyingine. Hakuiweka juu, hakuiweka chini.

Jumatatu, 26 Aprili

Valère aliuliza swali moja tu. "La tano?"

"Sikufika."

Akapiga pasi mashati mawili. Kisha akasema kuna walimu wanaohesabu majibu na kuna wanaosoma hatua, na yeye hamjui Sista.

Kavugho alipoelezwa habari ya vifungo aliweka mkasi chini. "Kumbe mimi nahangaika kuomba ushindwe, na akiba yangu ilishaanza kazi peke yake." Tulicheka wote watatu. Baadaye nikamwona anashona kifungo cha akiba kwenye pindo, anakiangalia, anaendelea.

Jumapili, 2 Mei

Nyongesa ameleta sanduku la bati. Nafuna amelala ndani yake mchana wote.

Alhamisi, 6 Mei

Oda ya Kawempe imeingia. Mvua.

Jumatatu, 10 Mei

Bukoto, kwenye benchi la masista, saa nne na nusu. Utaratibu wao ni huu: hawabandiki majina. Sista Alanyo anatoka mlangoni, anataja mmoja, huyo anaingia kuandikishwa na hatoki mpaka wamalize. Wakifika wanane wanafunga mlango na sisi wengine tunakwenda kwetu. Ameshaita saba. Waliobaki hapa nje ni ishirini na wanne. Mama aliyekuwa mbele yangu siku ile, aliyefika swali la tano, ameingia wa pili.

Kavugho amefunga karakana nusu siku, jambo ambalo sijawahi kuliona. Amekaa kushoto kwangu, Nafuna amelala mapajani pake. Nimemwuliza anaomba nini sasa. Amesema, "Nyamaza, nimechoka kuomba pande mbili."

Nimejiandaa kwa yote. Nisipoitwa nitakata oda ya Kawempe, Nyongesa ataongeza matofali chini ya kitanda, na mwakani nitaleta karatasi isiyo na mstari. Haya nayaandika kwa sababu mkono unatulia ukiandika. Huku juu ardhi imekauka kabisa ingawa jana ilinyesha, nimeigusa kwa kidole. Nafuna tangu asubuhi amekohoa mara mbili tu.

Sista ametoka tena. Anaangalia karatasi yake, anatuangalia sisi, anasema ni yule mama wa vifungo vya akiba, Nakhisa, na Kavugho ameshasimama na mtoto begani, ananivuta mkono ananiambia weye, acha hiyo kalamu, unaitwa, kwa hiyo nita